Viraka vya Mzee wa Reli

Vioo vile niliviona siku ya tatu baada ya kuhamia. Nilikuwa nasogeza kabati ili chumba cha watoto kipakwe rangi, na nyuma yake, juu kidogo ya usawa wa kiuno, nikaona ufa mwembamba uliopanda ukutani kwa ngazi-ngazi ukifuata maungio ya matofali. Juu ya ufa huo palikuwa pamebandikwa vipande vitatu vya kioo. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa kidole cha shahada na upana wa vidole viwili, kimelala kukatiza ufa, ncha zake mbili zimeshikwa na madonge ya saruji. Viwili vilikuwa vimekatika katikati, palepale ufa ulipopita. Cha tatu kilikuwa kizima. Pembeni ya kila kioo kulikuwa na tarehe ya penseli, mwandiko mdogo ulionyooka: 4.12.78, halafu 19.10.81, na kwenye kile kizima, 2.9.94.

Fundi rangi aliweka ndoo yake chini. "Mwalimu, hilo ni zindiko. Mimi siligusi."

Mimi zindiko sikuliogopa, na ukuta nilitaka uwe laini. Nikachukua bisibisi nikavibandua mwenyewe vyote vitatu, tukaziba ufa kwa lipu, rangi ikapita juu. Kile kizima nilikitia kwenye droo kwa sababu kingo zake zilikuwa zimesuguliwa vizuri zisimkate mtu, na nilishangaa ni nani aliyepata muda wa kusugua kingo za kipande cha kioo cha kubandika ukutani.

Nyumba hii tuliinunua mwaka 2016, Tabora mjini, kwa warithi wa mzee mmoja aliyestaafu reli. Ilikuwa imefungwa miaka miwili tangu afariki. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa kwa udongo, nje imepigwa lipu ya saruji, bati la zamani zito ambalo siku hizi hulipati dukani. Bei ilikuwa ya kutuwezesha, na uwanja ulikuwa na mwembe mkubwa. Kilichotuchosha ni viraka. Kila pembe mzee aliweka mkono wake: hapa ametoa, pale amechomeka, kule amefunga waya. Mwaka wetu wa kwanza ulikuwa mwaka wa kusafisha. Kila tulichokiona cha ajabu tulikitoa, na tulifanya hivyo kwa moyo safi kabisa, tukiamini tunaitengeneza nyumba.

Cha kwanza baada ya vioo kilikuwa bomba la stoo. Gata la nyuma ya nyumba lilikuwa halimwagi maji kwenye kona kama gata nyingine. Lilifika kona, likapinda, bomba la chuma la inchi tatu likaingia ndani ya ukuta chini ya kenchi, likapita stoo nzima usawa wa kichwa, likatokea upande wa pili na kuzama ardhini kando ya kibaraza cha zege cha jiko la nje. Yaani maji ya mvua yalikuwa yakipita ndani ya nyumba! Mtu yeyote akiingia stoo gizani alikuwa anagonga paji la uso. Tukalikata, tukaziba matundu, tukaweka pipa chini ya kona. Pipa likijaa, maji yanamwagika chini. Tuliona ni sawa.

Cha pili kilikuwa bati. Chini ya kuta zote, mahali msingi unapokutana na tofali la kwanza, palikuwa na ulimi wa bati uliotokeza nje kama vidole vitatu, umekunjwa kuelekea chini. Uliwakwaruza watoto miguuni. Fundi aliukata wote kwa mkasi wa bati siku moja, akapiga lipu juu yake, ukuta ukawa umenyooka kuanzia chini hadi juu.

Mvua za Tabora huanza Novemba na kumalizika Aprili. Mwaka ule zilikuja nzuri. Kufikia Machi mlango wa chumba cha watoto ulikuwa unakwaruza sakafu, na ule ufa tulioziba ulikuwa umerudi na kupasua lipu na rangi. Sarafu ya shilingi mia mbili iliingia ndani yake ikasimama yenyewe.

Hapo ndipo nilipoletewa fundi uashi mmoja mtu mzima, mtaratibu, ambaye hakushika mwiko kabla ya kushika timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Alizunguka nyumba mara mbili. Kisha akachukua jembe akachimba pale kwenye kona, karibu na pipa letu. Juu kulikuwa na mchanga, kama ulivyo udongo mwingi wa hapa mjini, lakini kufika kama shubiri mbili chini jembe likaanza kutoa udongo mweusi unaonata, ule wa mbugani. Akaufinyanga kwa vidole akanionyesha.

"Huu ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Kona yako moja imekaa juu ya huu, nyumba iliyobaki imekaa juu ya mchanga. Sasa niambie mama, maji ya bati hili zamani yalikuwa yanakwenda wapi?"

Nilimpeleka stoo nikamwonyesha matundu tuliyoyaziba. Hakunilaumu. Alifuata mstari wa bomba kwa macho hadi nje, akaenda kwenye kile kibaraza cha jiko, akakigonga kwa kitako cha nyundo. Kililia kama ngoma. Tulipoinua mfuniko wa zege uliofichwa chini ya mafiga na majivu, tukakuta tangi: mita tatu kwa mbili, kina mita mbili, kuta zimepigwa niru laini kama sahani. Lita 12,000 chini ya miguu yetu, na sisi tulikuwa tunanunua maji kwa dumu kila mgao ulipokaza. Wakati ule maji ya Ziwa Victoria yalikuwa bado hayajafika Tabora, mji ukitegemea zaidi bwawa la Igombe, na kila mama wa mji huu anajua maana ya kuamka saa tisa usiku kusikiliza kama bomba linakoroma.

Nilikaa jioni ile na karatasi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tabora hupata kama milimita 900 kwa mwaka. Upande ule wa bati peke yake una mita za mraba zipatazo 45. Zidisha: lita 40,500, ukiacha zile zinazopotea. Mzee alikuwa akizitoa lita zote hizo kwenye kona mbovu ya nyumba yake na kuzitia kwenye tangi. Akishaziondoa kona inapona, akishazihifadhi familia inakunywa. Bomba moja lilifanya kazi mbili, na njia fupi kuliko zote kutoka kona ile hadi tangi ilipita stoo. Ndiyo maana lilipita stoo.

Na vioo? Fundi alipovisikia alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kama nimevitupa. Nikamletea kile kimoja kutoka kwenye droo. Alikishika kwa ncha za vidole.

"Lipu inaweza kukudanganya, mwalimu. Unaziba ufa, unasahau ulikuwa na upana gani. Kioo hakinyumbuki. Ukikibana pande mbili za ufa, ukuta ukisogea unene wa kucha tu kinakatika. Kisipokatika, nyumba imetulia. Sisi tulikiona kwenye madaraja."

Nilizisoma tena zile tarehe kichwani mwangu. Kioo cha Desemba 1978 kilikatika. Cha Oktoba 1981 kikakatika pia. Cha Septemba 1994 kilisimama kizima miaka 22, mpaka nilipokuja mimi na bisibisi. Kwa hiyo katikati ya 1981 na 1994 mzee alikuwa amepata jibu, na jibu lenyewe ni lile bomba nililolikata. Nimefundisha watoto hesabu miaka mingi, nawaambia kila siku waonyeshe njia, si jibu tupu. Mzee yule aliionyesha njia yake ukutani kwa penseli, hatua kwa hatua, nami nikaipaka rangi. Iliniuma, na bado inaniuma nikikumbuka.

Bibi jirani, ambaye ameishi mtaa huu tangu akiwa mwali, aliponisikia nikilalamika alinishika mkono. "Mwanangu, ungeuliza. Huyo alikuwa mnyapara wa gengi, kazi yake ilikuwa kutembea juu ya reli akitazama chini. Hata hapa nyumbani alitembea hivyohivyo." Akanipa namba ya binti wa marehemu aliyeko Mwanza. Nilipompigia na kujitambulisha, dada yule alinyamaza kidogo, kisha akasema kila Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, baba yao alizunguka nyumba na tochi akiwa ameinama, na wao walipokuwa wasichana waliona aibu wenzao wakipita. "Alikuwa anatafuta mchwa," akaniambia. "Lile bati la chini bado lipo?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia ukweli, kwamba tumelikata.

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mdogo wake. Mchwa hapendi mwanga wala upepo mkavu. Akitoka ardhini anapanda ndani kwa ndani, katikati ya ukuta, kwenye ule udongo wa kujengea, mpaka afike kwenye fremu na kenchi, na wewe huoni kitu mpaka siku unapobonyeza fremu kwa kidole gumba na kidole kinazama. Bati peke yake halimzuii mchwa. Linamlazimisha atoke nje. Akitaka kupanda ni lazima ajenge njia yake ya udongo kuuzunguka ule ulimi wa bati, na njia hiyo inaonekana, nyekundu juu ya chuma. Ndicho mzee alichokuwa akikitafuta kwa tochi kila Jumapili: mstari wa udongo mnene kama penseli. Akiuona anaukwangua, anafuatilia unakotoka, anachimba, anamwaga oili chafu. Muda wote huo sisi tulikuwa tumempigia mchwa lipu safi ya kupandia bila kuonekana.

Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwenye fremu ya dirisha la chumbani kwetu. Nilibonyeza. Mbao za mninga hushindana sana na mchwa, na fremu nyingi za nyumba hii ni mninga, ndizo zilizotuokoa. Lakini fremu ile ilikuwa imebadilishwa na mbao laini, na kidole kilizama mpaka kwenye pingili. Tulibomoa lipu ya chini yote, mita baada ya mita, na kurudisha bati. Gharama yake ilizidi rangi na kila kitu tulichofanya mwaka wa kwanza.

Si kila kiraka cha mzee ninachokitetea. Kwenye meinswichi ya zamani, nyuma ya mlango wa sebuleni, alikuwa na fyuzi za kauri, zile unazochomoa na kufunga waya mwenyewe. Fundi umeme alipozichomoa alinionyesha: badala ya waya mwembamba wa fyuzi, mzee alikuwa amesokota nyuzi za shaba za waya wa kawaida, nene kama njiti ya kiberiti. Fyuzi kazi yake ni kuungua kwanza ili nyumba isiungue. Waya nene kama ule hauungui, zitakazoungua ni nyaya zilizo juu ya dari, kwenye mbao kavu. Mtu aliyekuwa makini kiasi cha kusugua kingo za kioo alilala miaka chini ya hatari ile, yeye na wanawe. Naona alichoka kubadilisha fyuzi kila umeme ulipoyumba, na uchovu ukampita akili. Nilikasirika kweli, nikazing'oa zote siku ileile tukaweka za kisasa. Heshima yangu kwake haikunizuia, wala haikupungua.

Tundu la chini ya ukuta wa stoo, ukubwa wa tofali moja, lenye kimlango cha mbao, bibi jirani alilimaliza kwa neno moja: paka. Stoo ilikuwa ya karanga na mahindi, na paka alihitaji kuingia usiku. Tumeliacha na paka wetu analitumia.

Juu ya dirisha la jikoni, badala ya rinta ya zege, mzee alilaza kipande cha reli. Lipu ya pale ilikuwa inabanduka kila mwaka, na kila fundi alitaka kuongeza saruji. Yule fundi wetu wa timazi alitoa lipu yote badala ya kuongeza. Chuma kikishika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo inayoisukuma lipu nje. Tukasugua kwa brashi ya waya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaiacha wazi. Kwenye ubavu wake kuna herufi zilizoinuka za kiwanda kilichoiviringisha, na tarakimu: 1, 9, 1, ya mwisho imeliwa. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kila ninapokaanga vitumbua naitazama tarakimu ile inayokosekana.

Watu wa reli wa mji huu wana desturi ya zamani ya kutengeneza kisichokuwepo kwa kilichopo. Mwaka 1916, vita vilipokuwa vimeifunga bahari na fedha zimekwisha, Wajerumani walifua sarafu hapa Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli, mpaka ya dhahabu, rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Nawaambia wanafunzi wangu habari hii nikiwa na maana, kwa sababu wengi wao babu zao walishika nyundo kwenye karakana na magengi, na nyumba za mitaa yetu zimejaa akili ile.

Bomba tulilirudisha stoo mwaka 2018, tukalipandisha kidogo lisimgonge mtu. Nikabandika kioo kipya juu ya ufa, kingo zimesuguliwa, nikaandika tarehe. Mvua za mwaka ule zikapita, kikawa kizima. Zikapita nyingine, kizima. Nilizoea kukitazama asubuhi kabla ya kwenda shule, nikimsalimia mzee moyoni.

Kikakatika Septemba 2022.

Nilisimama pale nikiwa na daftari mkononi nisiamini. Septemba hapa hakuna tone. Bomba lilikuwa zima, gata zima, tangi halivuji. Fundi wa timazi alikuja, akachimba tena ile kona, na safari hii udongo mweusi ulikuwa mkavu, una nyufa, unabanduka kwa vipande kama sahani zilizovunjika. Akainua macho akautazama mwembe. Ulikuwa mita kama sita kutoka ukutani. Kiangazi mwembe unakunywa popote penye unyevu, na unyevu wa mwisho ulikuwa chini ya msingi wetu.

Mume wangu alisema ukatwe. Bibi jirani alisikia kutoka kwake, akaja na kanga begani. "Baba, huo mti mzee mwenyewe hakuukata. Na maembe yalimdondokea juu ya bati miaka yote." Fundi naye hakutaka tuharakishe. Alisema mti mkubwa ukikatwa ghafla, udongo uliokuwa unanyonywa unaanza kurudisha maji na kuvimba, na nyumba inaweza kupasuka kwa upande wa pili. Akaomba siku moja ya kuchimba kati ya mti na nyumba.

Kufika saa sita mchana sururu ilipiga chuma. Tulifukua taratibu kwa mikono. Yalikuwa mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli kuishikilia, yamesimamishwa wima ubavu kwa ubavu kama ua uliozikwa, kumi na moja, yakianzia shubiri mbili chini ya uso wa ardhi na kwenda chini hadi tuliposhindwa kuyafuata. Ukuta wa chuma kati ya mwembe na kona. Upande wa mti, mizizi ilikuwa imefika kwenye chuma ikageuka, imejipinda na kusukana kama ukili. Upande wa nyumba palikuwa safi, isipokuwa sehemu moja. Taruma la saba lilikuwa limeliwa na kutu, limetoboka tundu la ukubwa wa sahani, na katikati ya tundu ulipita mzizi mmoja, mnene kama kifundo cha mkono wangu, umenyooka kuelekea chumba cha watoto.

Mume wangu alishuka shimoni akaushika. Hakuna aliyezungumza kwa muda. Nilimpigia dada wa Mwanza nikamwelezea tulichokiona. Alikuwa anakumbuka: alikuwa darasa la tano, baba yake alichimba likizo nzima peke yake, na mama yao alikasirika kwa sababu hakumwambia mtu anachimbia nini.

Tuliukata mzizi ule mmoja, tukaondoa taruma lililooza, tukamwaga zege la nondo mahali pake, tukafukia. Mwembe upo. Jioni nilisugua kingo za kioo kingine kwenye jiwe, nikakibandika juu ya ufa, na kando yake nikaandika kwa penseli: 25.9.22. Kisha nikaandika juu yake, kwa kumbukumbu yangu, zile tarehe tatu za kwake nilizozipaka rangi, na chini ya zote nikaongeza maneno ambayo yeye hakuyaandika: mizizi, taruma la saba, mita tatu kutoka ukutani.